Boriti Tatu na Kamba Moja: Mazungumzo juu ya Mafuta ya Damu



Yuko mzee mmoja mtaani kwetu, mstaafu wa kazi ya ukarani, mtu wa hesabu na hadhari, ambaye mwaka jana, kiasi cha miezi miwili kabla ya Ramadhani, alipimwa damu yake akaambiwa kwamba mafuta yamezidi. Hakufanya shauri na mtu. Siku ile ile aliipiga marufuku samli nyumbani mwake, tui la nazi likafuata, nyama ya mafuta ikafuata nyuma ya tui, na kwa muda wa miezi mitatu mzee wetu akawa anaishi kwa wali mkavu, mkate wa mofa, tende, na chai ya rangi ambayo, kwa kuwa alijiona amekwisha jinyima vya kutosha, aliitia sukari bila ya kuihesabu. Alipokwenda kupimwa mara ya pili, mafuta hayakupungua, yalikuwa yamepanda. Akanijia barazani na karatasi mkononi, hana hasira, ila ana mshangao wa karani aliyefunga daftari akaona halilingani, akaniuliza: "Mwanangu, mafuta mimi siyatii kinywani. Basi haya yaliyomo humu yameingia kwa mlango gani?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, na jawabu langu halikumtosheleza, wala mimi mwenyewe halikunitosheleza. Nimeomba nafasi hii ya jioni ili nimjibu kwa urefu, na najua kuwa anasikiliza, maana yeye ndiye aliyenikumbusha saa.

Jawabu, kwa mwenye kulitaka kwa neno moja, ni kwamba hayakuingia, yalikuwamo. Sehemu kubwa ya mafuta yaonekanayo katika damu ya mtu aliyeamka asubuhi bila ya kula kitu ni mafuta ya mwili wake yeye mwenyewe, yaliyotolewa akibani, yakafunguliwa vipande vipande, yakachukuliwa hadi inini, yakafungwa upya, kisha yakarudishwa damuni kwa sura nyingine. Mtu mwenye akili atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mwili ujitaabishe kukifungua kitu ili ukifunge tena vile vile kilivyokuwa. Hapo ndipo penye maudhui yangu ya leo.

Mtu wa kwanza kutupa yakini juu ya asili ya mafuta alikuwa Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa mwaka 1786 akafariki mwaka 1889, yaani alikula chumvi nyingi hata akaipita miaka mia na miwili. Alianzia kwenye sabuni. Ajuaye kupika sabuni ya mafuta ya nazi kwa magadi makali ameyaona kwa macho yake yale aliyoyaona Chevreul, ijapokuwa huenda hakuyapa jina: mafuta yanapokutana na magadi motoni huacha kuwa mafuta, yakagawanyika sehemu mbili, moja ikawa sabuni, na ya pili ikawa maji mazito yenye utamu, ambayo Msweden Carl Wilhelm Scheele alikuwa amekwisha kuyagundua katika karne ya 18. Maji yale matamu leo twayaita gliseroli. Ile sehemu iliyokwenda kwenye sabuni ndiyo asidi za mafuta. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1823, Chevreul alibainisha kwamba mafuta ya wanyama, ya aina nyingi, yameundwa kwa muungano wa vitu hivyo viwili. Na mwenzake wa taifa moja, Marcellin Berthelot, mnamo mwaka 1854 akafanya kinyume chake, akaviunga vitu hivyo viwili vikawa mafuta.

Wenzangu wa Lamu na wa Rufiji, waliozoea kuziona boriti za mikoko zikitoka delta, watanielewa upesi nikisema kwamba asidi ya mafuta ni kama boriti: ni kitu kirefu, chembamba, aghalabu chenye atomu 16 au 18 za kaboni zilizofuatana kama pingili. Gliseroli ni kamba. Kamba moja hufunga boriti tatu, wala haifungi zaidi, na bunda hilo la boriti tatu ndilo ambalo matabibu huliita trigliseridi, na ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya mzee wetu. Samli ni mabunda hayo. Mafuta ya nazi ni mabunda hayo. Na kitambi cha tajiri, kadhalika na cha fakiri akijaaliwa kuwa nacho, ni mabunda hayo hayo yaliyopangwa bohari baada ya bohari.

Sasa iko kanuni moja ambayo mtu akiishika ameshika shina la habari yote hii. Bunda zima halipiti mlangoni. Kila chumba cha mwili, nacho ndicho tukiitacho seli, kina ukuta, na ukuta ule hauna mlango wa kupitisha boriti tatu zilizofungwa pamoja. Sharti kamba ifunguliwe, boriti ziingie mojamoja, kisha huko ndani zifungwe tena. Kwa nini zifungwe tena, zisiachwe zikalala hivyo hivyo? Kwa sababu boriti zisizofungwa zina tabia ya sabuni, na Chevreul angetuambia kwamba ni jamaa zake wa karibu: zikizidi ndani ya chumba huzilainisha na kuzitoboa kuta, zikaleta madhara makubwa. Kwa hiyo mwili hukiweka kitu hiki kikiwa kimefungwa, hukisafirisha masafa marefu kikiwa kimefungwa, na hukifungua kila penye kizingiti. Mafuta ya samaki uliyemla mwezi uliopita, kama bado yamo mwilini mwako, yamefungwa na kufunguliwa mara nyingi kuliko mtumbwi wa mvuvi.

Na tumwangalie mtu aliyefunga. Amekula daku, amenuia, jua limepanda. Kadiri sukari ya chakula inavyokwisha, kongosho hupunguza kuitoa insulini, nayo insulini ndiyo amri iwazuiayo wenye mabohari wasifungue milango. Amri inapolegea, na mishipa ya fahamu pamoja na adrenalini ikahimiza, vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli za mafuta huanza kazi ya kukata kamba. Boriti hutoka nje moja baada ya moja. Kamba nayo hutoka, maana bohari la mafuta halina chombo cha kuitumia tena kamba iliyokatwa, kwa hiyo gliseroli huenda zake inini peke yake. Boriti, kwa kuwa haziwezi kuelea peke yake katika damu iliyo maji, hupokewa na hamali aitwaye albumini, protini ambayo ini lenyewe ndilo liitengenezalo na kuijaza katika damu, na kila hamali huweza kubeba zaidi ya boriti moja.

Habari ya hamali huyu ilikawia kueleweka, na sababu ya kukawia kwake yanipendeza kuieleza, kwa kuwa ni kosa ambalo hata mfanyabiashara mzoefu angeweza kulifanya. Ukiipima damu ya mtu mzima kwa wakati wowote, asidi za mafuta zilizo huru, zilizobebwa na albumini, hazifiki hata nusu gramu kwa jumla. Wataalamu walikiona kiasi hicho, wakakidharau. Mwaka 1956 Vincent Dole wa New York, na mwaka huo huo Robert Gordon na Amos Cherkes wa Bethesda, wakaonyesha kwamba kitu hiki kidogo ndicho kibebacho shehena kubwa, maana hakikai: boriti iliyopandishwa begani kwa hamali huteremshwa baada ya dakika chache tu, na nyingine ikashika nafasi yake, hata kwa muda wa siku moja hupita njia hiyo mafuta ya zaidi ya gramu 100. Ni kama mtu asimame gatini, awahesabu mahamali walio njiani kwa wakati mmoja, awaone sita, kisha aende akatangaze kuwa bandari ile haina biashara.

Boriti hizi huchukuliwa na moyo na misuli zikachomwa kuwa nguvu, na hiyo ndiyo kazi yake ya asili. Lakini ini, kwa kuwa damu nyingi hupita kwake, huchukua fungu lake hata kama halina haja nalo. Ini halibishi hodi ya boriti. Kadiri zijavyo nyingi, ndivyo lichukuavyo nyingi. Na zikisha kuingia, mbele yake zina njia mbili. Ya kwanza ni ya tanuri, nazo tanuri huitwa mitokondria, ambamo boriti hukatwa pingili mbili mbili na kuchomwa, au hugeuzwa ketoni zikapelekwa kulisha viungo vingine kwa mtu aliyekaa na njaa siku nyingi. Njia ya pili ni ya kufungwa tena.

Nani aamuaye? Mwaka 1977, huko Dallas, Denis McGarry na Daniel Foster walimtaja bawabu. Ini linapopata sukari ya ziada, huifanyia kazi ya kutengeneza boriti mpya, na katika hatua za mwanzo za kazi hiyo hutokea kitu kimoja, malonili koenzima A, ambacho, kabla ya kuwa boriti, huenda kikasimama kwenye mlango wa tanuri na kuufunga. Tafakarini uzuri wa mpango huu, kwamba kile kile kitumikacho kutengenezea mafuta ndicho kizuiacho mafuta yasichomwe, ili ini lisiwe linajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili. Lakini tafakarini pia maana yake kwa mnywaji wa chai tamu: boriti zilizokuja kutoka mabohari ya mwili wake zinakuta mlango wa tanuri umefungwa, wala hazina pa kwenda ila penye kamba.

Namna ya kufunga ilielezwa na Samuel Weiss na Eugene Kennedy mwaka ule ule wa 1956, mwaka ambao, kwa watu wa elimu hii, ulikuwa wa baraka. Kamba huja na fundo la fosfati kwenye ncha yake moja. Boriti mbili hufungwa kwanza kwenye nafasi zilizo wazi, kisha fundo huondolewa, na penye fundo hufungwa boriti ya tatu. Kila boriti haina budi kuvishwa koenzima A kabla ya kufungwa, na kuivisha kwagharimu nguvu. Mwili haufanyi kazi hii bure. Nyingi ya trigliseridi zilizokwisha fungwa hazipakiwi papo hapo, bali huwekwa kwanza katika ghala dogo ndani ya ini, na siku ya kupakiwa hufunguliwa na kufungwa mara nyingine tena, jambo ambalo mimi nililisoma mara tatu kabla ya kuliamini.

Sasa shehena iko tayari, na jahazi liko wapi? Mkuku wa jahazi hili ni protini moja ndefu mno, apolipoprotini B-100, yenye asidi amino 4,536 zilizounganishwa mfululizo, na kila jahazi lina mkuku mmoja tu. Fundi hasubiri amalize kujenga ndipo apakie. Mkuku ungali unatoka kwenye gogo, na protini nyingine iko kando yake ikiutilia mafuta kidogo kidogo, na ikiwa mafuta ya kutia hayapo, mkuku huvunjwa ukatupwa. Lililokamilika hutoka inini likiingia damuni, tumbo limejaa trigliseridi, nje limefunikwa kwa ngozi ipatanayo na maji. Wataalamu huliita lipoprotini ya uzito mdogo sana, jina refu na baya, nami nitaendelea kuliita jahazi.

Hapa naomba mnivumilie nitoke kidogo njiani, kwa kuwa jambo hili la majahazi lina historia Afrika, tena historia ya huzuni. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaika, akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika mwaka 1933 habari za ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi, na miaka miwili baadaye akautangaza kwa jina lake la Kiga, kwashiorkor. Watoto hao walivimba miguu, ngozi zao zikababuka, na waliokufa walipopasuliwa, maini yao yalikutwa yamejaa mafuta hata yamegeuka rangi. Hugh Trowell na wenzake wa Mulago, Kampala, walishughulika na ugonjwa huu kwa miaka mingi, wakautolea kitabu mwaka 1954. Ni ajabu iliyoje, kwamba mtoto aliyeonja mafuta kwa nadra afe ini lake limezama katika mafuta! Sababu si moja, na mjadala wake haujakwisha, lakini mojawapo ya zilizotajwa tangu zamani ni hii: mwili wenye njaa ulifungua mabohari, boriti zikamiminika inini, na ule uji ukaleta kamba, lakini mtoto hakuwa na protini ya kutosha ya kuchongea mikuku. Shehena ikarundikana pwani. Uko pia ugonjwa adimu wa kurithi ambao ile protini ya kupakia haipo kabisa tangu kuzaliwa, nao vile vile huacha mafuta ndani ya matumbo na maini, ilhali damu ya mgonjwa ni angavu kama maji ya kisima. Mtu akisifiwa kwa kuwa hana mafuta damuni, kumbe yafaa kuuliza kwanza yako wapi.

Turudi majini. Jahazi huzunguka na damu hadi kwenye mishipa myembamba kuliko yote, iliyo ndani ya misuli na ndani ya mafuta, na ukutani mwa mishipa hiyo, upande wa ndani, kimesimama kimeng'enya kiitwacho lipoprotini lipasi, ambacho kazi yake, mmekwisha kuikisia, ni kukata kamba. Kiligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1943 Paul Hahn alikuwa akiwapiga mbwa sindano za heparini, dawa izuiayo damu isigande, na wale mbwa waliokuwa wamekula mafuta, ambao damu yao ilikuwa nyeupe mithili ya tui, damu yao ikatakata kwa muda mfupi. Heparini ilikuwa imeking'oa kimeng'enya kile ukutani kikamwagika damuni, kikafungua kila bunda kilichokutana nalo. Boriti zilizofunguliwa huingia misulini zikachomwa, au hurudi mabohari yale yale zilikotoka asubuhi. Jahazi tupu, likiwa limebaki na kolesteroli, hupungua na kupungua, mengine yakarudi inini na mengine yakawa zile lipoprotini ziziumizazo kuta za mishipa ya moyo. Lakini hayo ni mazungumzo ya jioni nyingine.

Basi na karatasi ya mzee. Mwaka 1961, Edward Ahrens wa New York alieleza habari za wagonjwa ambao mafuta ya damu yao yalipanda walipopunguziwa mafuta ya chakula wakazidishiwa wanga na sukari, na wenziwe wakashtuka kama alivyoshtuka mzee wetu. Si kila mtu huwa hivyo, na mwembamba mwenye kazi ya jembe hula wali wake salama. Lakini mtu mwenye kiuno kipana na mwendo mchache aghalabu mabohari yake yamekwisha kuacha kuisikia amri ya insulini, hata insulini ikiwa tele yenyewe huzidi kuachia boriti usiku na mchana. Na ini lake, kwa upande wake, lingali laisikia amri ile ile vizuri katika jambo moja tu, la kutengeneza mafuta kutokana na sukari. Mwaka 2005 watafiti wa Minnesota waliwapa wagonjwa tisa wenye maini ya mafuta vyakula na asidi zilizotiwa alama, wakafuatilia kila boriti iliyokutwa katika ini ilikuwa imetoka wapi. Asilimia 59 zilitoka kwenye asidi zilizokuwa zikizunguka damuni, yaani akiba ya mwili. Asilimia 26 zilitengenezwa upya kutokana na sukari na wanga. Na asilimia 15 tu ndizo zilizotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Mzee wetu alikuwa ameufunga mlango wa 15, akaupanua ule wa 26, na ule wa 59 hakuwa na habari nao.

Nisieleweke kuwa nayadharau matokeo ya karatasi yake. Trigliseridi za mtu aliyefunga hutakiwa ziwe chini ya miligramu 150 kwa desilita, au milimoli 1.7 kwa lita kwa hesabu ya hospitali nyingine, na zikipita 500 hatari ya kongosho kuvimba ghafla huanza kuwa ya kuogopwa, maumivu ambayo aliyeyapata hayasahau. Mzee alikuwa baina ya namba hizo mbili, na tabibu wake, siyo mimi, ndiye wa kumwambia afanye nini.

Mtaniuliza kwa nini hupimwa asubuhi kabla ya kula. Chukueni jioni moja ya Ramadhani. Adhana imelia, tende imeingia kinywani, uji umefuata. Insulini yapanda, na katika muda wa saa moja au mbili boriti zilizo begani kwa mahamali wa albumini zimepungua njiani. Majahazi ya ini yaliyokwisha kupakiwa yangali yanasafiri. Wakati huo sambusa na viazi vya nazi vimo matumboni, navyo vina majahazi yake mengine, makubwa zaidi, yapitayo njia ya limfu hadi shingoni na kuingia damuni saa tatu au nne baadaye, watu wakitoka tarawehe. Majahazi ya aina mbili hukutana kwenye gati lile lile, mbele ya kimeng'enya kile kile, nayo hungojeana. Ukiichukua damu saa hiyo utaikuta nyeupe, wala hutajua la nani ni lipi.

Kabla ya kuja studio alasiri hii nilipita kwa mzee kumsomea zile tarakimu tatu, nisije nikamshtua hewani. Alinitaka nizirudie. Akatoa kalamu kifuani, akaziandika nyuma ya karatasi ya vipimo moja chini ya nyingine, 59, 26, 15, akazijumlisha kwa kidole kutoka chini kwenda juu, kama walivyofundishwa makarani wa zamani, akapiga mstari wa pili chini ya 100.

"Sasa imelingana," akasema, akamwita mjukuu wake aje aondoe bakuli la sukari.